Mwaka mmoja wa kutumikia vijana kanisani: mwanagenzi au kibarua wa bure? (Malindi)

Mlezi_Maweni (mwanzisha uzi)

Bwana asifiwe ndugu zangu. Na kwa wasio wa kanisa, hamjambo.

Kanisa letu hapa Malindi, upande wa Maweni, limeniagiza niandae mpango wa uanagenzi. Tunataka vijana wawili, wa kike mmoja na wa kiume mmoja, umri wa miaka 19 hadi 25, watumike mwaka mzima kwenye huduma ya vijana: shule ya Jumapili, kikundi cha wanafunzi wa sekondari, kambi za likizo za Aprili, Agosti na Desemba, na kuwatembelea vijana makwao. Rasimu nimeshaandika. Kamati inakaa Jumamosi ya wiki ijayo.

Naandika na moyo mzito, na sababu yake ni hii. Mimi mwenyewe nilikuwa mwanagenzi. Nilimaliza kidato cha nne, karo ya chuo haikuwepo, mchungaji akaniambia njoo umtumikie Bwana mwaka mmoja huku ukijifunza. Si kanisa hili nililo sasa, na sitalitaja. Nilikwenda kwa furaha, mama akaniombea mlangoni.

Saa kumi na mbili asubuhi nafungua kanisa. Nafagia, napanga viti, nabeba spika, nawapeleka watoto wa mchungaji shule, narudi kumwagilia maua. Kukaa na mtu akanifundisha jambo la huduma, kwa mwaka mzima ilitokea mara mbili. Mwaka ukawa miwili, miwili ikaelekea mitatu, na hakuna aliyeniambia namaliza lini. Nilipougua malaria niliombewa, lakini nauli ya kwenda hospitali nilikopa kwa mama muuza mahamri. Siku niliyoondoka sikupewa hata karatasi ya kusema nilikuwepo. Nikakaa karibu mwaka sikanyagi kanisa lolote, kwa sababu Mungu na wale watu niliwaona kitu kimoja.

Na bado katika miaka hiyo kuna kijana aliyekuwa ameacha shule, nikawa namwendea kila Alhamisi jioni, tunakaa kwenye gogo nje ya kwao tunaongea mpira na maisha. Alirudi darasani. Leo ni fundi umeme na ana watoto. Kwa hiyo kazi hii najua ni njema. Ndiyo maana nauliza: mpango uweje ili kijana wetu asipitie nilipopitia mimi?

---

Kusi_27

Amina kaka. Pole kwa yaliyokupata. Ila nina hofu kidogo: huduma ni wito. Tukianza kuhesabu saa na posho si tutakuwa tumeajiri tu? Elisha alimmiminia Eliya maji mikononi na hatusomi popote kwamba alidai mshahara.

---

Mzee_wa_Jilore

Wanangu, salamu kutoka bara. Nimekuwa katekista miaka mingi, nimestaafu, wajukuu ndio wananisaidia kuandika.

Hili la kijana kujifunza huduma kwa kutumika halikuanza juzi. Mmisionari Krapf alifika Mombasa 1844, lakini waliolifanya kanisa la Pwani lisimame ni watu wetu wenyewe. Chukueni William Jones na Ishmael Semler. Walitekwa utumwani wakiwa wadogo, wakaokolewa baharini, wakasomeshwa Nasik kule India, wakarudishwa Pwani. Walifundisha miaka na miaka Rabai na Frere Town kabla Askofu Hannington hajawawekea mikono 1885. Walikuwa wameshaifanya kazi ndipo cheo kikawakuta. Kwa hiyo kijana kutumika kabla ya cheo si kumwonea.

Lakini nikujibu Kusi. Elisha alimiminia maji mikono ya mtu aliyekuwa anatembea naye. Hapo ndipo penye jambo. Mimi nilifundishwa na katekista mmoja mzee, Mungu amrehemu. Tulikuwa tunatoka Jilore kwa miguu kwenda vijiji vya ndani. Jumapili hii anahubiri yeye, mimi nasikiliza. Jumapili ijayo nahubiri mimi, yeye anakaa nyuma kabisa. Mbele za watu hakunikosoa hata siku moja. Tukishika njia ya kurudi ndipo anaanza: pale ulipomtaja yule mama mjane, ulimwaibisha. Pale ulipopaza sauti, ulikuwa hujui la kusema. Darasa langu lilikuwa ni njia ya kurudi nyumbani.

Sasa wewe Mlezi, kwenye rasimu yako umeandika kijana atafanya nini. Umeandika ni nani atarudi naye nyumbani?

---

BintiGongoni

Mzee, shikamoo. Umenigusa.

Mimi nilitumika mwaka mmoja na nusu, huduma ya wasichana wa sekondari. Naomba nizungumzie makao, maana wanaume mkikaa kwenye kamati hamlioni hili. Niliwekwa kwa familia ya mzee mmoja wa kanisa. Watu wazuri, sina ugomvi nao. Ila mnajua wenyewe, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwezi wa pili mpishi nilikuwa mimi, mfuaji mimi, mlezi wa mtoto mimi. Narudi kutoka shuleni saa kumi na moja, vyombo vya mchana vinaningoja. Somo la wasichana naandaa saa tano usiku, macho yanafumba. Nikisema nimechoka naambiwa huduma inaanzia nyumbani. Kuosha vyombo kwa watu walionipa chakula si tatizo. Tatizo ni kwamba niliitwa kwa jambo moja nikafanyishwa jingine, na nililoitiwa likawa nalifanya na mabaki ya nguvu zangu.

La pili silisemi kwa urahisi. Kulikuwa na kiongozi aliyependa mikutano ya "maombi" ofisini baada ya magharibi, mimi na yeye peke yetu. Halikutokea jambo kwa sababu nilianza kwenda na rafiki yangu, naye akakoma kuniita. Lakini nilipotaka kusema, mtu niliyetakiwa kumpelekea malalamiko alikuwa ni yeye huyo huyo.

Mlezi, kama mna msichana, andikeni haya: halali nyumba ambayo yeye ndiye msaidizi wa nyumbani. Hakai na kiongozi yeyote peke yake mlango umefungwa. Kesha likiisha kuna anayemsindikiza hadi mlangoni, si kumwitia boda na kumwachia. Na awe na mwanamke mmoja mzima, asiye mke wa mchungaji wala mfanyakazi wa ofisi, ambaye anaweza kumpigia saa yoyote.

---

MamaWatatu_Ganda

Mimi nawasoma tu kila siku lakini leo naandika.

Mwanangu wa pili ana miaka 20 na ameniambia anataka kujitolea kanisani mwaka mzima. Ningekuwa nimefurahi kama si yale ya Shakahola, kule msituni ambako wafuasi wa mhubiri mmoja waliambiwa wafunge hadi kufa. Wengine mliyaona kwenye runinga, sisi huku tuliona magari yakipita na miili. Tangu Aprili 2023 ilipoanza kufukuliwa, ilizidi 400. Hospitali ya Malindi chumba cha maiti kilijaa, watu wakawa wanakuja kutoka nchi nzima kutoa damu ya kupima ili wawatambue watoto wao. Wengi wa waliokufa walitoka nyumbani wakisema wanakwenda kumfuata Mungu. Kwa hiyo mtoto akiniambia "mama, nakwenda kukaa kanisani", mimi roho inaruka hata kama kanisa ni lile nililombatizia.

Sisemi kanisa lenu ni hivyo, Mungu apishe mbali. Nasema sisi wazazi wa upande huu tuna kidonda, na mkitaka watoto wetu lazima mkijue. Ninachotaka ni kidogo. Simu yake aachiwe. Arudi nyumbani angalau mara moja kwa mwezi. Nikija bila taarifa nisizuiwe mlangoni. Asipangiwe kufunga siku nyingi na mtu mwingine. Akiugua apelekwe hospitali kwanza, maombi yaende naye huko huko. Na akitaka kuacha katikati, aache bila kuambiwa amemwasi Mungu.

---

Mlezi_Maweni

Mama, nimesoma maneno yako mara tatu. Yote sita yanaingia kwenye barua ya makubaliano, kwa maneno yako mwenyewe. Na barua itasomwa mbele ya mzazi, mzazi ataweka sahihi yake pamoja na kijana ingawa kijana ni mtu mzima kisheria.

Mzee, kwa swali lako sina jibu zuri. Kwenye rasimu nimeandika "chini ya uangalizi wa ofisi ya vijana". Ofisi ya vijana ni mimi, na mimi nafanya kazi hotelini, msimu ukiwa juu natoka saa nne usiku.

---

Mtunza_Hazina

Niingie kwenye pesa maana nyote mnaizunguka. Mimi ni mweka hazina wa kanisa jingine hapa mjini, tumekuwa na wanagenzi miaka minne.

Malindi si Nairobi. Sadaka yetu inafuata upepo. Kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, hoteli zimejaa, vijana wana kazi, kapu lina uzito. Ikiingia kusi na mvua za Mei, hoteli zinafunga, wapishi na madereva wa tuktuk wanakaa nyumbani, na kapu linarudi na sarafu. Mwaka wa kwanza tulianza na mwanagenzi Januari, mambo mazuri. Juni tukashindwa kumlipa. Alikaa wiki tatu akila kwa majirani na hakusema, tulikuja kujua kwa bahati. Niliona haya sijapata kuona. Sasa tunafungua akaunti ya pembeni Desemba, na mwanagenzi haanzi kazi kabla posho ya miezi sita haijakaa pale.

Hesabu ya watu wawili tunavyofanya sisi: posho 7,000 kila mmoja kwa mwezi, kwa mwaka 168,000. Nauli na salio la simu 1,000 kila mmoja kwa mwezi, 24,000. SHA, bima ya afya ya serikali, kwa asiye na mshahara kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi na hulipwa ya mwaka mzima, yaani 3,600 kwa mtu, 7,200 kwa wawili. Cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi, 1,050 kila mmoja, 2,100. Jumla 201,300. Gawanyeni kwa miezi 12, ni 16,775. Kanisa lenye familia 150 ni kama shilingi 112 kwa familia kwa mwezi. Kama haipatikani, chukueni mmoja.

Kusi, hili la mshahara: posho si mshahara. Ni ili kijana asiingie kwenye nyumba ya mtu kumtembelea akiwa na njaa, akakaa anaangalia sufuria.

---

Kusi_27

Nimekuelewa mzee wangu wa hazina. Lakini wapo wanaofanya bila kanisa kulipa. FOCUS, ule umoja wa vikundi vya Kikristo vya wanafunzi, wana mpango wa wahitimu wa chuo wanaotumika mwaka mmoja na vikundi vya Kikristo vyuoni, na kila mmoja anatafuta marafiki wa kumchangia. Imani inakua hapo.

---

Mtunza_Hazina

Ni mpango mzuri na nimeona matunda yake hapo Pwani University. Ila tazama ni nani. Aliyemaliza chuo kikuu ana wanafunzi wenzake walioajiriwa, ana mjomba mwalimu, ana kundi la WhatsApp la watu wenye mishahara. Sasa mchukue mtoto wa Langobaya aliyemaliza kidato cha nne, baba anachoma makaa. Atamwomba nani 500 ya kila mwezi? Ukiweka sharti hilo, wale wanaoijua shida ya vijana wetu kwa sababu wamelala nayo hawataomba nafasi. Mtabaki na watoto wetu sisi wa mjini. Ni watoto wazuri, lakini Langobaya hawaijui.

---

Kusi_27

Hapo sina neno. Kweli sikulifikiria.

---

Mwalimu_Kakuyuni

Mimi ni mwalimu na ni mlezi wa YCS, chama cha wanafunzi Wakristo, shuleni kwetu. Nina mambo ya upande wa shule.

Wanagenzi wa makanisa wanakuja kwetu wakiwa na moyo mkuu na hawajui hata pa kuanzia. Wanaingia darasani bila kupita kwa mwalimu mkuu. Wanachukua namba za simu za wasichana wa kidato cha pili. Usiku wanawatumia ujumbe wa kuwatia moyo. Nia njema, lakini Sheria ya Watoto ya 2022 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na wewe wa miaka 23 ni mtu mzima unayemwandikia mtoto saa tano usiku. Kwetu tumesema: hakuna mawasiliano ya faragha na mwanafunzi. Kama kuna ujumbe, unapita kwa mwalimu mlezi au mzazi. Cheti cha tabia njema kitangulie, kisha barua, kisha kuingia.

Na sheria hiyo iwe kwa wageni pia. Malindi tunajua wenyewe mji wetu ulivyo na yaliyowapata watoto wetu kwa sababu ya pesa za wageni. Anatua mtu kutoka ng'ambo kwa wiki tatu, hana anayemjua, na kwa kuwa kaja na mipira na kalamu anaachiwa watoto 40. Mtoto wetu wa Maweni tunamdai cheti, yeye tunampigia makofi. Hapana. Wote cheti, wote mlezi.

Kuhusu nini wajifunze, mimi ningepunguza mahubiri. Kijana anayetafuna muguka, yale majani ya kusisimua, tangu asubuhi hasikii mahubiri. Msichana aliyepata mimba kidato cha tatu amehubiriwa na kila mtu. Mwanagenzi afundishwe kukaa na kusikiliza, na kujua jambo gani si lake. Akiambiwa na mtoto kwamba anaumizwa nyumbani, asilifanye siri ya maombi. Ajue ofisi ya watoto iko wapi na apeleke siku hiyo hiyo. Sisi YCS tuna njia iliyotoka kwa padri Mbelgiji, Joseph Cardijn, aliyeanzisha chama cha vijana Wakristo wafanyakazi 1925: unaangalia kwanza hali ilivyo, unaipima kwa Injili, ndipo unatenda. Wanagenzi wengi wanaanza na kutenda. Wapeni mwezi mzima wa kuangalia tu. Watembee Kisumu Ndogo, Muyeye, Barani, ufukweni kwa wavuvi, stendi ya boda, na kila Ijumaa waandike walichoona.

---

Jirani_Shella

Salaam aleikum majirani. Mimi ni Mwislamu, mtaani kwetu Shella watoto wetu na wenu wanacheza uwanja mmoja.

Kwenye madrasa tunao pia wanafunzi wakubwa wanaosaidia kusomesha wadogo, na shida zenu nazijua, hasa ya kumtuma kijana dukani kila dakika kuliko kumsomesha. Ombi langu ni moja. Vijana wenu wakija mtaani, waje kwa mlango wa mbele. Mkiwa na kambi yenye soda na michezo, mtoto wetu atakwenda, ni mtoto. Mwambieni mzazi wake kwanza kuna nini. Viongozi wetu wa dini Pwani wanakaa pamoja kwenye baraza lao la CICC na wanasikilizana. Huku chini mtaani tusiharibiane. Na mkisafisha ufukwe au mkicheza mpira dhidi ya mihadarati, tuiteni, tutakuja wengi.

---

Mlezi_Maweni

Jirani, ahsante sana. Mwanagenzi atapelekwa kwa wazee wa mtaa na kwa imamu wiki ya kwanza, nitampeleka mwenyewe.

Mwalimu, mwezi wa kuangalia nimeuingiza. Nimeongeza pia, kwa wanaotaka, wiki moja kule Watamu kwa A Rocha Kenya wakikubali kutupokea, maana ni Wakristo wanaohifadhi msitu wa Arabuko-Sokoke na bahari, na wamekuwa wakiwalipia karo watoto wa vijiji vinavyopakana na msitu. Vijana wetu wengi wanadhani kumtumikia Mungu ni kushika maikrofoni.

Rasimu sasa imekuwa hivi. Siku tano za kazi, siku moja ya kupumzika isiyo Jumapili. Kufagia tutafagia kwa zamu, nami nipo kwenye zamu. Kila Jumatatu asubuhi saa mbili hadi saa nne mwanagenzi anakaa na mlezi wake, hakuna kuahirisha. Mlezi akikosa mara tatu, kamati inaulizwa. Tarehe ya kumaliza imeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza. Miezi mitatu ya mwisho anapunguziwa kazi ili atafute chuo au kibarua, na anatoka na barua inayosema alifanya nini hasa.

Nimeomba zamu ya usiku Jumapili hotelini ibadilishwe ili Jumatatu niwe mzima. Meneja amekubali hadi Novemba.

---

Mzee_wa_Jilore

Hapo sasa umeandika kitu.

---

Mlezi_Maweni

Ndugu zangu, kamati ilikaa jana, saa nne nzima.

Walikubali barua, tarehe ya kumaliza, na masharti ya mama wa Ganda yote isipokuwa walibishana sana juu ya lile la kufunga. Mzee mmoja alisema tunaiogopesha imani. Mama mmoja wa kwaya, ambaye jamaa yake hakuonekana tena tangu Shakahola, alisimama akasema neno moja tu, "liandikeni", akaketi. Likaandikwa.

Posho walipunguza. Badala ya 7,000 ni 5,500, na familia tatu zimejitolea chakula cha mchana kwa zamu. SHA imepita. Akaunti ya pembeni imepita, kwa hiyo hatuanzi Januari kama nilivyotaka, tunaanza pesa ya miezi sita ikitimia.

Nafasi ya msichana wameisimamisha. Nilileta maneno ya BintiGongoni, wakauliza: yuko wapi huyo mwanamke atakayekaa naye kila Jumatatu? Nilitaja wawili, wa kwanza ana biashara sokoni, wa pili ana mtoto mchanga. Sikuwa na jina la tatu. Tutaanza na mvulana mmoja. Nilirudi nyumbani nimeinama, maana wasichana ndio wengi kwenye kikundi chetu, na wao ndio wanaokuja kuniuliza mambo ambayo mimi si mtu wa kuyajibu.

---

MamaWatatu_Ganda

Huyo mama wa kwaya mpe salamu zangu. Mwambie nitakuja kumsalimia.

Fomu zikitoka nijulishe. Mwanangu nitamleta mwenyewe.

---

BintiGongoni

Kaka Mlezi, nimelala na jambo hili. Jumatatu duka langu nafungua saa saba mchana. Nikipanda matatu ya saa kumi na mbili na nusu hapa Gongoni, saa mbili nitakuwa Maweni hata kama barabara ina foleni ya mifugo. Mchungaji wangu nimeshamwambia, atanipa barua, na cheti cha DCI nitakitoa upya kwa sababu cha zamani kimepitwa.

Kama kamati itakubali mtu wa nje ya kanisa lenu, niandike mimi. Nauli nitajilipia.

---

Mlezi_Maweni

Dada, Mungu akubariki. Jina lako nalipeleka kwa mwenyekiti leo jioni.

Nauli hujilipii. Nimeshaiandika kwenye bajeti, mstari wa tano, Jumatatu zote 52.